Uzi wa Maji na Amana ya Nahodha

Nahodha wa boti avushaye watu baina ya Mkokotoni na Tumbatu hahitaji kuifungua mashine yake ili apate habari zake. Ubavuni mwa mashine hiyo ifungwayo tezini pana tundu dogo litoalo maji, mfano wa uzi, muda wote inapounguruma. Uzi huo ukiwa na nguvu, ni dalili kwamba maji ya bahari yanavutwa kutoka chini, yanapandishwa na pampu, yanazizunguka silinda na kuzipunguzia joto. Ukilegea, kuna jambo. Na hapo ndipo lizukapo suala lililo kongwe kuliko mashine zote: je, mtu hulaumika kwa madhara aliyoyaleta tu, au hata kwa dalili aliyoiona akaifumbia macho?

William Clifford, mwanahisabati wa Uingereza, alilitafakari suala hili katika makala yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyeshuku kuwa chombo chake kimechakaa, akajituliza kwa kukumbuka safari nyingi kilizorudi salama, kisha akakiacha kiende na abiria wake. Kilipozama, Clifford alimhukumu kuwa na hatia. Akaongeza jambo zito zaidi: lau kingefika salama, hatia ingebaki vile vile, kwani kosa halikuwa katika kuzama, bali katika kujipa imani asiyokuwa na haki nayo.

Wapo watakaosema kwamba hukumu hiyo ni ya mtu wa nchi kavu. Bahari haina dhamana. Atakaye yakini hatang'oa nanga maisha. Hoja hii ina ukweli wake, lakini Clifford hakudai yakini, alidai uchunguzi. Na uchunguzi una utaratibu. Fundi mwenye busara huanza na lililo jepesi: hulichokoa tundu kwa waya mwembamba, kwani huenda ni chumvi au mchanga tu. Huangalia chini yanapoingilia maji, ambapo mwani au mfuko wa plastiki huweza kuziba. Asipoyaona maradhi, huifungua pampu na kulitazama gurudumu lake la mpira, ambalo mapanga yake huchakaa, na likizunguka bila ya maji huungua kwa muda mfupi mno. Huikagua pia thamostati, kilango kifungukacho kwa joto, ambacho kikikwama huyazuia maji yasipite.

Katika kila hatua pana mtihani. Achokoaye tundu kila asubuhi na kuridhika kwa kuwa uzi umerudi, bila kuuliza kwa nini huziba kila siku, ameitibu dalili na kuyaacha maradhi. Hali kadhalika atiaye gurudumu jipya. Ikiwa panga la lile kuukuu limekatika, fundi mwaminifu huyahesabu yaliyosalia na kukitafuta kipande kilichopotea, maana huweza kupanda na maji na kukwama njiani. Asiyekitafuta amefanya kazi, lakini hakuitimiza amana.

Hoja iliyo ngumu zaidi ni ya umasikini. Gurudumu la mpira ni kitu kidogo, lakini duka liko mjini, na siku isiyo na safari huenda isiwe na chakula. Je, asiye nacho naye alaumiwe? Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili. Umasikini humpunguzia mtu ayawezayo. Haumpi ruhusa ya kuyaficha ayajuayo. Asiyeweza kununua leo aweza kupunguza abiria, kuchukua makasia na nanga, kuwaambia watu ukweli ili wachague wenyewe. Na mkondo ukiwa mkali, kubaki pwani. Abiria hajui kuusoma uzi wa maji, ndiyo maana ameuacha machoni mwa aujuaye. Ujuzi wa mmoja na imani ya mwengine ndivyo viizaavyo amana, na amana haipungui kwa kuwa mwenye kuichukua ni fakiri.

Aristotle alifundisha kwamba tabia njema hujengwa kwa mazoea. Basi mazoea ya nahodha yako pale boti inapokuwa imekwisha kufungwa, abiria wamekwenda zao, naye anaipitishia mashine maji matamu ili chumvi isigande ndani ya mishipa yake. Hakuna amtazamaye, wala hakuna nauli ya kazi hiyo. Chumvi haigandi kwa siku moja; uzembe nao ni hivyo hivyo.

Abiria ashukaye salama hawezi kujua kama amevushwa na matunzo au na bahati. Nahodha ndiye ajuaye.