Wakfu Juu ya Ardhi ya Kukodi

Mtu akiisha kuandika kurasa za tovuti yake ya kwanza, akazitoa hadharani ili kila apitaye anufaike pasipo kulipa, je, kitu hicho amekitoa kikawa si chake tena, au ameuazima ulimwengu tu kwa muda ule ambao ada zake zingali zikilipwa? Wanaofundisha kazi hii aghalabu huanza na vifaa na kuishia na vifaa, na swali hili huliacha nje ya mlango; nami naona kwamba ndilo la kuulizwa kwanza, kwa kuwa jawabu lake hubadili jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Vifaa, kwa hakika, ni vichache. Yatakiwa programu sahili ya kuandikia; faili ambalo kwa desturi huitwa index.html; na alama za lugha ya HTML, ambazo hukiarifu kivinjari kuwa hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, na hiki ni kiungo cha kumpeleka msomaji pengine. Baada ya hapo husajiliwa jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, ambalo halinunuliwi moja kwa moja bali hulipiwa kila muda wake ukifika, na hukodiwa nafasi katika seva, yaani kompyuta iliyowekwa macho usiku na mchana, ambamo mafaili hupakiwa.

Hakuna mtu anayetozwa hata senti kwa kuitumia lugha hiyo ya HTML, na jambo hili halikuja lenyewe. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, penye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, aliwasilisha rai yake ya wavuti, ambao HTML ndiyo lugha yake, mwezi wa Machi 1989. Na ilipofika mwisho wa mwaka 1990 tovuti ya kwanza, info.cern.ch, ilikuwa ikitoka katika kompyuta yake ya NeXT, iliyobandikwa karatasi ya kuwaonya wapitao wasiizime. Mapema mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Minnesota, chenye mfumo wake wa kusambaza habari ulioitwa Gopher, kilitangaza kuwa baadhi ya wanaoendesha seva za mfumo huo watatozwa ada, na watu wengi wakaanza kuukimbia. Na tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN ikatoa hati ya kuziachilia haki zake juu ya programu za wavuti, zikawa mali ya umma. Sina budi kukisema hicho kuwa kitendo cha ukarimu mkubwa, na kila anayejenga tovuti leo anakula matunda yake, ajue asijue.

Sisi watu wa pwani tunayo sheria kongwe ya kuupimia utoaji wa namna hii, nayo ni sheria ya wakfu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, anayeweka wakfu sharti awe anakimiliki akitoacho, na kitu chenyewe sharti kiwe ni cha kubaki ilhali manufaa yake yanatumika: kisima chafaa, mnazi wafaa, lakini chakula hakifai, maana kukinufaikia ndiko kukimaliza. Kwa sharti hili la kubaki, ukurasa wa tovuti unashinda hata kisima, kwa sababu kivinjari hakichoti kitu katika seva. Huletewa nakala, na asili ikabaki vile vile, hata wakija wasomaji elfu.

Tatizo liko katika umiliki. Jina la kikoa ni la kukodi, seva ni ya kukodi, na mwenye kukodi hana amri ya kuweka wakfu ardhi isiyo yake. Hapa ningalidhani kwamba mlango umefungwa, lau si mas-ala aliyoyataja Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa pwani yetu wamekisoma mbele ya masheikh wao: kwamba aliyejenga jengo au kupanda miti katika ardhi aliyoikodi kwa kazi hiyo, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa aweza kuliweka wakfu jengo au miti hiyo. Sitoi fatwa, na mwenye haja ya fatwa na awaendee masheikh. Walakini nikitafakari naona hali ya tovuti iko hapo hapo. Ardhi ni ya mwingine. Maneno, picha na mpango wa viungo ni jengo la aliyejenga.

Jengo la namna hiyo lina khatari yake, nayo ni kwamba muda wa kukodi huisha. Berners-Lee alikusudia kwamba mtu aweze kuweka kiungo cha kuelekea ukurasa wowote pasipo kuomba idhini ya mwenyewe, na kwa uhuru huo alikubali viungo viweze kukatika. Ndipo msomaji anapokutana na namba 404, ya kumwarifu kuwa ukurasa haupatikani, mahali palipokuwa na elimu. Hata ule ukurasa wa kwanza kabisa haukusalimika katika sura yake ya awali, kwa kuwa waliokuwa wakiutengeneza waliandika juu yake siku baada ya siku. Na CERN ilipoanza kuirejesha tovuti hiyo katika anwani yake ya asili, mwaka 2013, nakala iliyoweza kuipata ilikuwa ya mwaka 1992.

Kwa hivyo anayejenga kwa nia ya kutoa, na aandike katika mafaili sahili yanayoweza kuhamishiwa seva yoyote, wala asijenge ndani ya mfumo usiomruhusu kutoka na kazi yake. Jina la kikoa alisajili kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la fundi. Nakala kamili aiweke mahali pawili mbali na seva, na sura za zamani za kurasa zake asizifute. Kisha, kama vile wakfu usivyoachwa bila msimamizi, amteue mtu wa kuishika tovuti baada yake, amwandikie tarehe ya kulipa ada, mahali pa kulipia, na njia ya kuyafikia maneno ya siri, na karatasi hiyo aiweke pamoja na wasia wake.