Toba na Damu ya Uria

Mapokeo yanaiweka Zaburi ya 51 kinywani mwa Daudi, baada ya nabii Nathani kumkemea kwa kumtwaa Bathsheba na kumpeleka mumewe, Uria, akauawe vitani. Mfalme analia kwamba aliyemkosea ni Mungu peke yake. Je, na Uria? Jina lake halimo katika zaburi hiyo.

Huko Karagwe, mkoani Kagera, ambako Wilaya ya Kyerwa ilimegwa mwaka 2012, swali hilo lilijibiwa kwa matendo. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulivuka Mto Kagera na kuleta Walokole, yaani waliookoka. Kwao, kuungama hakukuishia kanisani: aliyeiba alirudisha mali, aliyemkosea jirani alimwendea na kumtaka radhi.

Huko si kuinunua rehema. Zaburi ileile yaweka moyo uliopondeka mbele ya sadaka yoyote. Kurudisha ni tunda la msamaha, wala si bei yake. Tena kumtaja Mungu peke yake hakumfuti aliyedhulumiwa; kwamwongezea uzito, kwani amdhulumuye kiumbe ana kesi na Muumba.

Lakini uhai haurudishwi kama mbuzi aliyeibwa. Hapo toba hubaki mikono mitupu. Ndipo, karibu na mwisho, muungamaji anaomba aokolewe na hatia ya damu. Jina la Uria halimo; damu yake imo. Haki ya Mungu humsamehe muuaji, ila haimruhusu kumsahau marehemu.