Je, Tumwombe Mungu Ushindi?

Miaka michache iliyopita, pale Mbamba Bay, vijana wa usharika wangu walifika fainali ya kombe la vijana wa makanisa. Waliniita niwaombee kabla ya mchezo. Nikamwomba Bwana awatie wapinzani mikononi mwetu, wakaitikia "Amina" kwa sauti kuu. Tulishinda bao moja kwa bila. Mpira ulipita katikati ya miguu ya kipa wao. Vigelegele vilisikika hadi ufukweni.

Jioni mama wa yule kipa alinijia. Alinisalimu kwa heshima, kisha akauliza, "Mchungaji, ina maana Mungu amemkataa mwanangu?"

Sikuwa na jibu.

Nilipolitafakari swali lake, nilikumbuka historia tuliyofundishwa chuoni, habari za Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kule Unguja. Kilikuwa chuo cha misheni ya Kianglikana ya UMCA, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 timu yake ilikuwa miongoni mwa timu za awali za mpira Unguja, nayo ilicheza hata na Waingereza. Walimu waliamini kwamba mchezo hujenga tabia njema.

Mfikirie kijana ambaye wazazi wake waliuzwa sokoni, sasa amesimama uwanjani mbele ya Mwingereza. Akimwomba Mungu ushindi, nani atamlaumu? Mimi simlaumu. Lakini akishinda, si bao lililomfanya kuwa mtu. Na akishindwa, Mungu hakumpunguzia upendo. Alikuwa mtoto wa Mungu kabla filimbi haijapulizwa. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, si kwa matendo. Basi si kwa mabao pia.

Mtu atasema, "Mkulima huomba mvua na mvuvi huomba samaki, kwa nini mchezaji asiombe ushindi?" Hoja hiyo ina uzito. Lakini mvua ninayoiombea kahawa yangu hapa Mbinga hunyesha na shambani kwa jirani. Ushindi hauko hivyo: hauji kwangu bila mwenzangu kushindwa. Naye mwenzangu anasali "Baba yetu" kama mimi. Katika neno lile "yetu," kipa wa upande wa pili yumo.

Yoshua naye alikutana na mtu mwenye upanga karibu na Yeriko, akamuuliza yuko upande gani. Yule mtu hakukubali kuwa wa upande wowote. Alikuwa amiri wa jeshi la Bwana. Yoshua akaanguka kifudifudi. Ndipo nilipojiona: mimi nilikuwa nimemsajili Mungu katika timu yangu.

Matokeo ya michezo ya Kiungani hatuyakariri. Tunachokiona huku ziwani ni matunda ya waliosoma pale. Augustine Ambali, mtumwa aliyekombolewa, alisoma Kiungani, akaja kutumika Ziwa Nyasa, na mwaka 1906 akapewa upadre. Hiyo ndiyo taji isiyoharibika ambayo Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho.

Baadaye nilikwenda nyumbani kwa yule mama, nikamwambia mbele ya mwanawe, "Mama, Mungu hakumkataa. Ni mimi niliyeomba vibaya. Mnisamehe." Kijana aliinama kimya. Mama akanikaribisha ugali na dagaa, tukala pamoja.

Siku hizi nikiitwa kuombea mpira, nasimama katikati ya uwanja na kuziita timu zote mbili. Naomba Mungu ailinde miguu yao na ndimi zetu sisi watazamaji, atakayeshinda asimdharau mwenzake, na atakayeshindwa ajue kwamba bado anapendwa. Kisha narudi pembeni kuishangilia timu ya usharika wangu, maana kushangilia si dhambi.