KIKOMBE CHA BWANA SI MWAVI



Siku ya Meza ya Bwana tunaona jambo linalotuumiza moyo. Nyimbo zimeimbwa, mahubiri yamekwisha, meza imefunuliwa. Mara watu wanaanza kutoka mmoja mmoja. Huyu anasema mtoto analia, yule anasema kichwa kinamuuma. Mama mmoja tulimwendea nyumbani kwake, tukamwuliza kwa nini miaka mingi hajakinywea kikombe. Alijibu kwa sauti ndogo: “Naogopa, papa. Nikinywa na dhambi, nitakufa.”

Woga huo tunajua ulikotoka. Zamani wazee wetu walikuwa na mwavi. Mtu akishitakiwa ulozi, alinyweshwa sumu mbele ya watu. Akitapika, hana kosa. Akianguka akafa, walisema: kweli alikuwa mlozi. Mwavi ulikuwa kinywaji cha kumtafuta mwenye kosa ili aangamie. Ndugu, tumeuacha mwavi kwa mdomo, lakini wengine wetu tumeuweka juu ya meza ya Bwana.

Mtatuuliza: Je, Paulo hakuandika kwamba anayekunywa isivyostahili anajiletea hukumu? Ndiyo, aliandika. Lakini tusome 1 Wakorintho 11 kuanzia mstari wa 17. Kosa la Wakorintho lilikuwa nini? Wenye mali walitangulia kula chakula chao, hata kulewa, na maskini wakabaki na njaa na haya. Walishika kikombe cha Bwana huku wakimdharau ndugu. Na Paulo hakuwaambia wakimbie meza. Aliwaambia kila mtu ajichunguze, kisha ale na anywe, tena wangojane.

Tukumbuke pia usiku ule wa kwanza. Petro atamkana Bwana, na Bwana anajua. Wote watamwacha, naye anajua. Hata hivyo alitwaa kikombe, akashukuru, akawapa, na wote wakakinywea (Marko 14:23). Kama kingekuwa mwavi, ni nani kati yao angefika asubuhi?

Kikombe cha uchungu kilikuwa kingine. Katika Gethsemane Yesu aliomba kimwondokee, kisha akayakubali mapenzi ya Baba. Hicho alikinywa mwenyewe. Sisi alituachia kikombe cha agano, cha ondoleo la dhambi. Mgonjwa hangoji apone ndipo aende kwa mganga.

Katika kanisa letu tunakunywa asali iliyochanganywa na maji, na mkate wetu ni wa viazi, mahindi na ndizi. Mungu hakudharau mashamba yetu wala nyuki wa pori zetu. Na wazazi wetu walikingoja kikombe hiki miaka 50. Kazi ya Papa Simon Kimbangu ilianza Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na kanisa lilikaribia Meza ya Bwana mara ya kwanza tarehe 6 Aprili 1971, pale pale Nkamba, wakati wa Papa Joseph Diangienda. Kila 12 Oktoba, siku nyingine ya Meza, tunakumbuka kwamba Papa Simon alifia kifungoni mwaka 1951, huku kwetu Katanga, katika mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, baada ya kufungwa miaka 30. Walikingoja katika mateso. Sisi tunawekewa mbele, nasi tunatoka mlangoni!

Lakini mtu asiseme: basi, nitakunywa tu. Tujichunguze. Kuna waimbaji wanaosimama mstari mmoja bila kusalimiana. Kuna ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu. Na kuna jambo zito zaidi. Katika miji yetu mtoto yatima anaitwa mlozi, anafukuzwa, analala sokoni, na waliomfukuza wanakuja kanisani kuimba. Ndugu, katika nyumba hiyo mwavi ungali unanyweshwa. Huwezi kumtafutia mtoto hukumu usiku, na asubuhi kupokea kikombe cha msamaha. Hilo ndilo kosa la Korintho: mmoja anashiba mezani, mwingine anabaki nje na njaa.

Basi tufanye hivi. Wiki moja kabla ya Meza, kila mmoja amwendee yule aliyekosana naye, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 5:23-24. Aliyechukua cha mtu, arudishe. Aliyemfukuza mtoto, akamtafute, amrudishe nyumbani, ampe sahani yake. Tena siku yenyewe ikifika, asitoke mtu. Mama yetu yule mwenye woga tumemwomba akae mstari wa mbele, nasi tutakaa naye.

Bwana atupe mioyo safi, atukusanye sote kwenye kikombe kimoja. Amina.