Miguu na Magurudumu

Huko Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, mvua ikinyesha lori hukwama matopeni, na mtu mwenye mzigo kichwani hulipita. Hata mwaka 1916, jeshi la Wabelgiji lilipokwenda kuteka Tabora, mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi elfu na elfu. Wengi wakafa njiani.

Je, mashine yenye miguu yaweza kushika mahali pa magari ya vita? Wamarekani waliijaribu, mwaka 2015 wakaiweka kando, maana kelele yake ingewafichua askari. Ikimpunguzia mtu mzigo, ni jambo jema. Lakini chuma hakina dhamiri: kikitumwa kuua, hatia ni ya nani, isipokuwa ya mtumaji? Mpagazi aliweza kuutupa mzigo akatoroka usiku. Na wengi walitoroka.