Nani Ameandika Habari Zako?

Sisi tunaojifunza kuandika tumezoea kudhani wahusika ni watu wa kubuni tu. Hebu jiulize, msomaji mwenzangu: wewe mwenyewe umeandikwa wapi? Maana umeandikwa. Ikiwa umewahi kukopa benki au kwa simu hapa Kenya, kuna mahali jina lako limekaa na namba ya kitambulisho, na mbele yake tabia yako: alilipa, alichelewa, hakulipa. Wanaoandika ni kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Metropol hata wanakupa alama, kuanzia 200 hadi 900, kama mtihani.

Kujisomea si kazi ngumu. Kanuni zinakupa haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila kampuni. Isome polepole. Jina ni lako? Mkopo huu uliuchukua wewe? Ule uliomaliza, mbona bado unadaiwa? Ukiona kosa, lipinge. Ni lazima wamuulize aliyekukopesha. (Lakini wapi! Tunangoja tunyimwe kazi ndio tuulize.)

Linaloniuma ni jingine. Ripoti inasema nini kilitokea, haisemi kwa nini. Aliyekopa akacheze kamari na aliyekopa mamake alazwe hospitali, wakikwama siku 90, wote ni kitu kimoja. Na hata wakishalipa, doa hukaa miaka 5. Kabla ya kanuni za 2020 ungeweza kuwekwa CRB kwa deni lisilofika shilingi 1,000! Shilingi mia nane, halafu mwajiri anataka cheti cha CRB.

Mama mboga naye ana daftari lake, ila yeye anajua kwa nini. Anajua kibarua kilisimama. Akikuona unapitia upande ule mwingine wa barabara, anacheka na kukuita.

Ningeweza kuishia hapo, niseme daftari lina utu na kompyuta haina. Lakini huo ungekuwa ukweli nusu. Mama mboga pia hukopesha kwa sura, kwa kabila, kwa maneno aliyoyasikia kwenye ploti. Mgeni wa jana hapati hata kitunguu. Ile namba haijui lafudhi yangu. Tena nikihama Kayole kwenda Mombasa nahama nayo, ilhali daftari linabaki Kayole.

Basi je, asiyelipa ni mtu mbaya, ama ni maskini tu? Kompyuta haijawahi kudai kwamba inajua. Ni sisi, waajiri na majirani, tunaoiona namba tukasoma moyo. Ukipinga jambo na usiridhike na majibu, kanuni zinakuruhusu kuambatisha maelezo yako mafupi kwenye ripoti. Ni kwa ajili ya kosa, si kwa ajili ya machozi. Lakini ni nafasi ya kuandika, na mimi sijakutana na kijana hata mmoja aliyeitumia.