Ipozeni Kwanza: Nasaha kwa Vijana wa Kipungani

Wanangu, nimesikia mnayoyapanga. Kila aliyepata laptopu ya mtumba anataka kuipiga ovakloki, yaani kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi aliyoiwekea mtengenezaji. Hamu ya kujifunza sikukatazeni. Ninachokukatazeni ni kuidai mashine kongwe mbio mpya ilhali hata pumzi yake ya zamani imekwisha kuziba.

Mchezo huu una asili yake. IBM ilipotoa kompyuta ya AT mwaka 1984 ikiwa na kasi ya megahezi 6, wajanja waliing'oa fuwele inayoendesha saa ya prosesa, wakatia nyingine, ikaenda kwa megahezi 8. Mwaka 1998 ikaja Celeron 300A ya Intel. Wengi waliipandisha kutoka megahezi 300 hadi 450 na ikawatii. Hizo zote zilikuwa za mezani, zenye kasha pana na nafasi ya feni kubwa. Laptopu ya ofisi ni nyembamba, mara nyingi ina feni moja na bomba jembamba la shaba. Tena Intel imezifunga prosesa zake nyingi za laptopu zisizidishwe. Zilizoachwa wazi, kama i7-6820HK, hukaa ndani ya mashine nene za michezo, si hizi mnazobeba kwapani.

Tazameni HP EliteBook 840 G3, maana imejaa katika maduka ya mitumba nchini. Nyingi zina i5-6300U. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.4, na kazi ikiwa nzito hupanda yenyewe hadi 3.0. Imepangiwa joto la wati 15. Ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Basi kijana analalamika kuwa mashine ni nzito, kumbe ile 3.0 haijaifikia kwa miaka, kwa kuwa joto linaishika mguu. Mashine ya boti ikiacha kutema maji ya kupozea, nahodha mwenye akili haongezi mwendo. Huzima, akazibua tundu. Fanyeni hivyo hivyo.

Joto lenyewe lina hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, joto la kazi linazidi kwa karibu theluthi moja. Theluthi hiyo itatokea wapi, kama feni hata ya jana haiwezi kuitoa? Na mwenye kutumia sola ajue kwamba betri ya nyumbani ndiyo itakayolipa.

Halafu angalieni mnamwiga nani. Anayewaonyesha kwenye video yumo katika chumba cha nyuzi 20. Wewe uko hapa kijijini kwetu Kipungani wakati wa joto la kaskazi, na chumbani mna nyuzi 32. Mashine yako imeanza safari nyuzi 12 juu ya yake kabla haijafanya kazi yoyote. Ongezeni na hewa yetu ya bahari: chumvi hunata kwenye shaba, huvuta unyevu, ikaleta kutu ya kijani kwenye plagi na maungio. Ufukweni usiifungue mashine, wala usiiache dirishani upepo unapopiga.

Dawa ni hii. Izime kabisa, ondoa chaji, fungua kifuniko cha chini, kisha chomoa plagi ya betri kabla hujagusa kingine. Ondoa feni. Kati ya feni na mapezi ya shaba utakuta utando wa kijivu, mzito kama kitambaa, uliosukwa kwa vumbi na nyuzinyuzi za nguo. Ukipuliza kutoka nje tu haung'oki. Shika pembe yake uubandue. Unapopuliza vumbi lililobaki, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kisha legeza skrubu za bati la kupozea kwa zamu, kidogo kidogo. Liinue, ufute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi pesti ya zamani iliyokauka, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na bati. Weka mpya kiasi cha punje ya mchele juu ya prosesa, rudisha bati, ufunge skrubu kwa zamu vilevile. Dawa ya meno si pesti. Maji yake yakikauka, umebaki na unga.

Ukimaliza, usiilaze mashine kitandani wala juu ya mkeka. Tundu za chini ndizo pua zake. Vipande viwili vya boriti chini yake vyatosha kuinyanyua hewa ipite.

Mwenye hamu ya kuchezea volti, basi apunguze, asiongeze. Prosesa nyingi huweza kufanya kazi ile ile kwa volti pungufu kidogo, na joto likashuka. Punguza milivolti 10 kwa kila hatua, uipe kazi nzito, na ikizimika rudi nyuma. Wengine mtakuta mlango huo umefungwa, maana mwishoni mwa 2019 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt, na masahihisho ya bayosi yakaufunga katika mashine nyingi. Msihangaike kuuvunja. Badilisheni diski ya kuzunguka mtie SSD, ongezeni ramu; hapo ndipo mtakapoiona kasi kwa macho.

Na yote hayo yaandikeni: nyuzi ngapi kabla, ngapi baada, kwa kazi ile ile na saa ile ile ya mchana. Mali bila daftari huisha bila habari. Mkiona betri imevimba na kuinua kibodi, acheni kila kitu. Usiitoboe, usiibane, usiichaji tena, mpelekeeni fundi.

La mwisho ndilo zito. Laptopu moja katika kijiji chetu si ya mtu mmoja. Ndani yake mna fomu ya mkopo wa masomo wa HELB ya binti wa jirani, mna vyeti vya mzee kutoka tovuti ya serikali ya eCitizen, mna hesabu za duka. Ukipewa uisafishe, umepewa amana. Nakili kazi za watu kwenye diski nyingine kabla hujashika bisibisi, na majaribio yafanyie kwenye mashine yako mwenyewe. Jina la fundi hujengwa kwa miaka, na mashine moja ya mwenzio iliyoungua yatosha kulibomoa.